Fundi wa Kurudia

Mafundi wenzangu walinibandika jina la Fundi Kurudia, na hawakukusudia kunisifu. Sehemu kubwa ya riziki yangu imetokana na mapaa ambayo wenyewe walishayalipia mara moja. Mtu amejenga kwa miaka, boma likasimama, akapaua, akahamia na familia, halafu masika ya kwanza yakamkuta anahamisha makochi usiku wa manane. Hapo ndipo namba yangu inapoanza kutafutwa. Nimeifanya kazi ya mapaa Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka thelathini, na jambo moja nimelielewa polepole: paa bovu huharibikia chini, kwenye mapatano na malipo, kabla hata ngazi haijaegemezwa ukutani.

Ufundi niliupata Tanga, Ngamiani, kwa mjomba wangu. Yeye alianza na makuti, akaingia kwenye bati wateja wake walipobadilika. Cheti hakuwa nacho. Alikuwa na masharti, na ukiyavunja alishuka, akakaa kwenye benchi, asiseme neno mpaka umeng'oa ulichopiga. Msumari unakaa juu ya mgongo wa bati, kamwe si bondeni, kwa sababu bondeni ndiko maji yanakopita. Bati la pili linalilalia la kwanza kwa mgongo mmoja na nusu. Na kabla hujapandisha bati la kwanza, tazama upepo. Pwani yetu masika huja na kusi, upepo utokao kusini-mashariki. Kwa hiyo unaanza kuezeka upande ule upepo unakoishia, ili kila bati linalofuata liwe limeupa upepo kisogo. Ukianzia upande wa pili, maungio yote yanakaa kama midomo iliyoachama kuisubiri mvua.

"Mpwa," alizoea kuniambia, "maji hayana haraka. Wewe utashuka, utalipwa, utaondoka. Yenyewe yatabaki pale yakitafuta pa kupita."

Nilihamia Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwa muda nilipaua nyumba mpya kama fundi mwingine yeyote. Mvua za El Nino, zilizoanza mwishoni mwa 1997 zikavuka mwaka 1998, ndizo zilizonigeuza kuwa fundi wa kurudia. Nilipanda juu ya nyumba Tabata, Mbagala, Kimara, na nilichokikuta huku ndicho nilichokikuta kule: misumari bondeni, maungio yaliyobaniwa ili kuokoa bati mbili tatu, papi zilizoachiana nafasi kubwa hata bati likabonyea chini ya unyayo. Mwanzoni nilidhani ni ujinga wa mafundi. Baadaye, nilipoanza kuwauliza wenye nyumba walivyopatana na mafundi hao, nikaona kwamba wengi walijua vizuri kabisa wanachokifanya. Fundi aliyezipunguza papi alikuwa ameshapiga hesabu ya mbao zitakazobaki.

Tangu siku hizo njia za kulipua kazi zimeongezeka, maana na vifaa vimebadilika. Chukua mbao. Zamani kenchi zilipigwa kwa mbao ngumu, mchwa akizigusa anaumia yeye. Leo karibu kila paa la mjini linabebwa na msindano kutoka mashamba ya miti ya Mufindi, Sao Hill na kwingineko nyanda za juu kusini. Ni mbao nzuri na nyepesi, ila mchwa anaipenda, kwa hiyo lazima iingizwe dawa kwa mtambo wa mgandamizo. Dawa hiyo huacha ukijani. Basi wapo wanaonunua mbao mbichi isiyo na dawa, wakaipaka rangi ya kijani kwa brashi au kuichovya kwenye pipa, wakaiuza kwa bei ya ile yenye dawa. Ukitaka kujua, omba ikatwe mbele yako, katikati, si nchani. Mbao iliyoshiba, utaiona dawa imeingia ndani kutoka kwenye ngozi. Iliyopakwa ina mstari mwembamba wa kijani pembeni, na ndani ni nyeupe kama ilivyotoka shambani.

Bati nalo lina mchezo wake. Geji inavyopanda namba, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ina unene wa karibu milimita 0.38, geji 30 karibu 0.31, geji 32 karibu 0.27. Tofauti hizo jicho halizioni, hasa bati likiwa na rangi. Mwenye nyumba analipia geji 28, lori linashusha geji 30, na mtu wa kumwambia hayupo. Mimi hutembea na kipimo kidogo cha unene mfukoni. Nimeona wasimamizi wakibadilika sura kwa kukiona tu, kabla sijapima chochote.

Halafu likaja paa la kuficha, lile ambalo ukuta unapanda juu ukalizunguka, nyumba ikaonekana bapa kama za kwenye picha. Sina ugomvi na umbo lake. Lakini paa la kawaida likikosewa humwaga maji nje. Paa la kuficha likikosewa humwaga maji ndani, kwa sababu yamezungushiwa ukuta na njia yake ni mfereji mmoja tu. Linataka mteremko uliopimwa, bati la kipande kimoja lisilo na kiungo kutoka juu hadi chini, mfereji mpana wenye matundu ya kutosha, na bati la kuziba linalochimbiwa ndani ya ukuta kisha likapigwa plasta. Kila kimoja kati ya hivyo kinachukua muda, na muda ndio kitu ambacho fundi wa bei ya chini hana.

Nyumba ya mwalimu mmoja, Kigamboni, ilikuwa na paa la namna hiyo. Alikuwa akifundisha mkoani, akajenga kidogo kidogo, na daraja lilipofunguliwa mwaka 2016 akaona sasa ahimize amalizie. Aliyepewa kazi alijitambulisha kama kampuni, mwenye fulana zenye maandishi na picha za nyumba kwenye simu. Msimamizi alikuwa binamu yake Mwalimu, kijana mwenye shughuli zake Kariakoo, anayefika Jumapili baada ya kanisa. Fedha nyingi zilitumwa kwa simu kabla kenchi ya kwanza haijasimama. Nilipoitwa, dari ya sebule ilikuwa imejikunja na ukuta wa chumba cha watoto una ukungu mweusi hadi usawa wa swichi.

Kuna namna ya kulitafuta tundu. Hutakiwi kumwaga maji ovyo juu ya paa zima, maana utavujisha kila mahali usijue lipi ni lipi. Unachukua mpira wa maji, unaanza chini kabisa, unalowesha eneo dogo na kusubiri, huku mtu mwingine yuko darini na tochi. Pakikaa pakavu, unapanda hatua moja. Maji hayadondoki pale yanapoingilia. Hushika papi, yakasafiri nayo mita kadhaa, yakaangukia penye kifundo cha mbao. Ndiyo maana mwenye nyumba akikuonyesha doa darini, hilo doa ni mwisho wa safari.

Kijana wangu alikuwa ndani akiita, "Bado, mzee! Bado!" Nilipofika kwenye maungano ya bati na ukuta, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Yanakuja. Tena yanakuja kwa fujo."

Niliinama nikatazama. Bati la kuziba halikuchimbiwa ukutani hata kidogo. Lilikuwa limeegemezwa kwenye plasta na kupakwa silikoni, na jua la Kigamboni lilikuwa limeibandua silikoni yote. Nikaivuta kwa vidole, ikatoka nzima, ndefu, mkononi. Chini yake palikuwa na mwanya ambao sarafu ingepita. Nikafuata mfereji: ulikuwa umelala bapa, maji ya juzi bado yamo, na tundu la kutolea ni bomba la inchi mbili lililozibwa na majani ya mwembe wa jirani. Kando ya kila bati palikuwa na mstari wa kutu, nyumba haijamaliza hata miaka miwili. Walioezeka walikata bati kwa grainda. Cheche zinaunguza rangi na zinki, na vumbi la chuma linalodondoka juu ya bati jipya linaanza kuota kutu na umande wa kwanza. Mkasi wa bati ungemaliza kazi ile bila madhara, ila ungechukua siku nzima.

Nilimwandikia Mwalimu yote niliyoyaona, kila kosa na picha yake, nikamwambia asiniruhusu kugusa kitu mpaka aliyeezeka ameitwa akaona. Hilo nalishika daima. Fundi wa pili akishaanza kung'oa, wa kwanza atasema kilichoharibika kimeharibiwa na huyo.

Tulikutana ofisi ya serikali ya mtaa. Yule bwana wa kampuni alikuja na tabasamu. "Mama," akamwambia Mwalimu, "mvua ya mwaka huu si ya kawaida. Hata nyumba za wakubwa zinavuja." Mwenyekiti wa mtaa akaomba mkataba. Ulikuwa ukurasa mmoja wa daftari: jina, kiasi cha fedha, na maneno "kupaua nyumba yote mpaka mwisho." Geji haikutajwa. Mteremko haukutajwa, wala nani atagharamia paa likivuja. Mwenyekiti akaugeuza upande wa pili akitafuta maandishi mengine. Hapakuwa na kitu.

Nilipoulizwa, nikaweka mezani kile kipande cha silikoni nilichokibandua. Nikasema mvua haikumwambia mtu asichimbe ukuta. Yule bwana hakubisha. Alichosema baadaye, tukiwa tumetoka nje, ndicho ambacho sijakisahau: "Mzee, kwa bei ile ulitaka nichimbe na ukuta?" Na kweli, nilipoijua bei, ilikuwa ndogo kuliko gharama ya kazi ile kufanywa sawasawa. Aliitaja makusudi ili awashinde wenzake, akachukua fedha ya mwanzo, kisha akawagawia vijana kazi kwa malipo ya siku. Wale vijana walitaka kumaliza mapema wakatafute kibarua kingine. Kila mtu kwenye mnyororo ule alikuwa ameshapata chake kabla paa halijakamilika, isipokuwa mwenye nyumba.

Alikubali mbele ya mwenyekiti kulipa sehemu ya vifaa. Alilipa nusu ya hiyo sehemu, halafu simu ikawa haipatikani. Mwalimu alikuwa na haki ya kwenda Mahakama ya Mwanzo kudai, na nilimwambia niko tayari kutoa ushahidi. Akapima nauli, ruhusa za kazi na masika yanayokuja, akaamua kutengeneza nyumba kwanza. Sikumlaumu. Kazi ya kurudia ilimgharimu karibu sawa na ile ya mwanzo.

Watu huniuliza kama dawa ni vyeti. Nawaunga mkono vijana wanaokwenda VETA, wakiwemo waliojifunzia mtaani wakapimwa ujuzi wao na kupewa cheti. Wawili kati ya niliowalea mimi wanacho. Lakini nimeng'oa mapaa ya wenye vyeti pia. Cheti kinasema mtu anajua. Hakisemi kama kwa bei mliyopatana atapata nafasi ya kukitumia anachokijua.

Kwa hiyo wewe unayetaka kupaua, nisikilize mimi ninayekula kwa makosa ya namna hii. Anayejiita kampuni, ulizia usajili wake Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Fundi wa mtaani mwombe akupeleke kwenye nyumba aliyoipaua, ambayo imeshapita masika mawili, ukaongee na wenyewe yeye akiwa hayupo. Andikeni mkataba wenye geji, aina ya mbao, umbali wa kenchi na papi, na aina ya paa. Kisha msaini mbele ya mashahidi. Vifaa nunua mwenyewe. Ufundi ulipe kwa hatua: kenchi zikisimama na kukaguliwa, bati likimalizika, mifereji na mabati ya kuziba yakikamilika. Hatua ya kenchi usiikose hata kama umeajiriwa mbali, kwa sababu bati likishapanda, kilicho chini yake hukioni tena mpaka siku kitakapoanguka.

Na sehemu ya kumi ya fedha ya ufundi ibakize kwa muda. Miradi ya serikali huita muda huo kipindi cha matazamio. Kwako wewe na kiwe masika moja. Fundi aliyeezeka vizuri atanung'unika kidogo, kisha atakubali, kwa kuwa anajua fedha hiyo ni yake. Anayekataa katakata, mshukuru kwa muda wake, umwache aende.