Hujafa Hujaumbika
Mwaka 1975, huko Mexico City, João Carlos de Oliveira wa Brazil, kijana wa miaka 21, alitua mita 17.89 katika miruko mitatu, akaipita rekodi ya dunia kwa sentimita 45. Mwishoni mwa mwaka 1981 alipatwa na ajali ya gari, na hatimaye mguu mmoja ukakatwa. Mguu ulikwenda, rekodi ikabaki. Haikuvunjwa hadi mwaka 1985. Hata hivyo hakukaa kitako akilia: alichaguliwa kuwa mjumbe wa baraza la kutunga sheria la jimbo la São Paulo. Alifariki mwaka 1999. Kijana aliyejaliwa nguvu na ashukuru, wala asikitupe kitabu. Mwili ni amana, nayo amana ina siku ya kurudishwa.