Kwa Kinga Toka Lubumbashi Hata Likasi

Jua lilikuwa halijatoka tulipokutana mbele ya Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, Lubumbashi. Ilikuwa wakati wa kiangazi, na katika nchi hii ya juu, mita 1,200 hivi kupita bahari, baridi ya asubuhi iliuma vidole. Tulikuwa watu 12, wanafunzi na wazazi, kila mmoja na kinga yake. Padri akatubariki, nasi tukaishika njia ya Likasi, safari ya kilometa 120 hivi.

Mtatuuliza, wasomaji wapenzi: kwa nini kujitesa hivyo, na magari yapo? Jawabu ni hili. Katika parokia yetu watoto hukusanyika kila Jumamosi kujifunza kuchora, kufinyanga udongo na kupiga ngoma. Karatasi zilikwisha, rangi zilikwisha, na ngozi ya ngoma kubwa ilipasuka. Basi tulipita nyumba kwa nyumba, tukiomba kila jamaa iahidi franka kidogo kwa kila kilometa tutakayoimaliza. Atakayechoka njiani, ahadi yake itakatika palepale.

Nje ya mji likaanza pori la miombo, pamoja na vichuguu vikubwa kama nyumba, ambavyo ni alama ya Katanga yetu. Malori ya madini yalipita kwa kishindo na vumbi, hata mara nyingi ikatubidi kushuka pembeni. Wachuuzi wa makaa walikuja kutukabili, wakisukuma kinga zenye magunia yaliyopita kimo cha mtu. Hao hawakuahidiwa kitu kwa kila kilometa. Walitafuta unga wa watoto wao. Tulipowaona, tuliona haya kidogo.

Kabla ya kufika Luisha, mnyororo wa kinga moja ulikatika. Mchuuzi mmoja wa makaa, mtu mzima, akaegemeza mzigo wake juu ya mti, akatafuta jiwe na msumari, akaanza kuutengeneza bila kuombwa.

«Mnakwenda wapi, wanangu?»

«Likasi, Baba. Tunatafuta franka za kununulia watoto rangi na ngoma.»

Akacheka sana. «Rangi! Watoto watakula rangi?»

Neno hilo lilituchoma, kwa maana sisi wenyewe tulikuwa tumeliwaza. Ndipo mmoja wetu, mwalimu, akamweleza habari za Lubumbashi ya zamani: jinsi Pierre Romain-Desfossés alivyofungua mwaka 1946 nyumba ya wachoraji, bila kuwalazimisha kuiga picha za Ulaya, jinsi Pilipili Mulongoy alivyochora ndege na samaki, naye Bela akachora kwa ncha za vidole vyake, na kazi zao zikajulikana ng'ambo. Akamweleza pia habari za watoto wa Kamina, ambao Padri Guido Haazen aliwafundisha, wakaenda Ulaya mwaka 1958 kuimba, na Misa Luba yao ikasikika duniani. Watoto hao hawakula nyimbo. Lakini walijua kwamba Mungu aliweka ndani yao kitu cha kuwapa watu wengine.

Mtu yule akanyamaza, akigonga msumari. Mwisho akasema: «Mwanangu wa tatu huchora ndege ukutani kwa makaa yangu. Jana nilimpiga kwa ajili hiyo.»

Mnyororo ulipokwisha, alikataa malipo. Akafungua gunia, akatoa vipande vyembamba vya makaa, akatupa. «Wapelekeeni watoto wenu. Nami nitamwachia wangu ukuta mmoja.»

Tulifika Likasi jioni, miguu ikitetemeka. Tulikuwa 10, kwa maana wawili walishindwa baada ya Luisha, wakapanda lori wakilia. Kwa hiyo franka hazikutimia: tulipata karatasi na ngozi ya ngoma, lakini rangi zinangoja safari nyingine. Hata hivyo Jumamosi iliyofuata watoto walichora wote, kwa makaa ya yule baba.

Wazazi wapenzi, Mungu Mwumba ndiye fundi wa kwanza, naye amewagawia watoto wetu sehemu ya ufundi wake. Mtoto akichafua ukuta, msikimbilie fimbo. Tazameni kwanza alichochora.