Dada Aliambiwa Sauti Yake Ndogo, Kumbe Ilifukiwa na EQ

Kuna ugonjwa unawasumbua maprodyuza wengi wa chumbani. Mtu akifungua ikwalaiza, au EQ kama wengi wanavyoiita, mkono wake unajua njia moja tu: juu. Besi haisikiki? Pandisha. Kinanda kimefifia? Pandisha. Sauti ya msanii imepotea? Pandisha na yenyewe. Mwishowe kila kitu kipo juu na hakuna kinachosikika.

Jamaa mmoja wa Mbagala, jina kapuni, alikuwa hivyohivyo. Studio yake ni chumba anacholala. Ana kompyuta moja, maiki moja, hedifoni, na godoro la zamani kalisimamisha ukutani kuzuia mwangwi. Programu yake ni FL Studio, ile ambayo mtaani watu bado wanaiita Fruity Loops japo ilibadilishwa jina mwaka 2003. Darasani hajakaa. Kajifunza YouTube, kifurushi kikikata anasubiri cha usiku.

Akaja mteja, dada wa miaka 21 anayeuza mitumba. Alikuwa ndo kapokea zamu yake ya kijumbe. Bei ya wimbo ilikuwa Sh 200,000, akatoa Sh 150,000 palepale, nyingine akaahidi kumalizia. Nyumbani mama yake alijua hela imeenda kwenye mzigo wa nguo. Aliyejua ukweli ni kaka yake tu.

Wakarekodi siku mbili. Kwenye hedifoni ngoma ilikuwa tamu kinoma, besi inatetemesha, sauti ipo katikati. Prodyuza akairusha WhatsApp akiwa anacheka mwenyewe. Dada akaipiga kwenye simu, kaka yake akiwa pembeni. Kaka akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Biti kali. Ila wewe husikiki. Labda sauti yako ndo ndogo."

Kauli ile ilimkaa. Siku tatu hakupokea simu ya studio. Ya nne akatuma meseji: "Kaka, acha tu. Nadhani kuimba sio fungu langu. Ile elfu hamsini nitakumalizia, usijali."

Prodyuza akachomoa hedifoni, akaipiga ngoma kwenye simu yake. Kweli bwana. Maneno hayashikiki, ni kama mtu anaongea chumba cha pili. Akaenda kwa kinyozi mwenye sabufa. Huko ndo balaa, ni besi tu inaunguruma. Akarudi akapandisha sauti ya dada kwa EQ. Ikaanza kukwaruza, kila penye "s" na "sh" panatoboa sikio. Maneno bado hayaeleweki.

Akampigia mzee mmoja, fundi mitambo aliyezeeka akifungia bendi za dansi spika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hebu niambie mwanangu, daladala imejaa mpaka mlangoni, na kuna abiria mmoja lazima apande. Utamsukumiza ndani au utateremsha mtu?"

"Nitateremsha mtu."

"Basi kateremshe."

Mzee kamaliza. Lakini ukiangalia jinsi sauti inavyofanya kazi, jibu lote lipo hapo.

Sikio la binadamu husikia kuanzia kama Hezi 20 mpaka Hezi 20,000. Chini kabisa, kwenye Hezi 50 mpaka 100 hivi, ndo nyumbani kwa besi na kiki (kiki ya ngoma, sio ile ya Instagram). Uzito wa sauti ya mwimbaji upo juu kidogo ya hapo. Kinachofanya maneno yaeleweke kinakaa zaidi kati ya Hezi 2,000 na 5,000. Zile "s" na "sh" zinaanzia kama 5,000 kwenda juu.

Sasa spika ya simu ni ndogo, haiwezi kusukuma besi nzito. Ukipiga ngoma kwenye simu, kule chini kunapotea, unabaki na eneo la katikati. Na hapo katikati ndo kinanda, gitaa na sauti ya dada vilikuwa vinagombania kiti kimoja. Kwa kinyozi ikawa kinyume, sabufa ikaifumua ile besi iliyopandishwa, ikafunika kila kitu. Makosa mawili kwenye wimbo mmoja, na yote hayamhusu mwimbaji.

Usiku ule jamaa akafuta EQ zote alizoweka, akaanza upya. Kwenye mixer akafungua Fruity Parametric EQ 2, ile yenye pointi 7 za kuburuta na picha ya mawimbi nyuma yake.

Akaanza na sauti ya dada. Pointi ya kwanza akaigeuza iwe ya kukata chini, akaiweka karibu na Hezi 90. Chini ya hapo dada hana kitu, kuna mngurumo wa feni na mtikisiko wa stendi ya maiki tu. Kisha akachukua pointi nyingine, akaibana iwe nyembamba kwa kuzungusha gurudumu la kipanya, akaipandisha juu, akaitembeza taratibu kushoto kwenda kulia. Hapa hupambi, unatafuta mwizi. Kwenye Hezi 300 hivi sauti ikawa kama ya mtu anayeimbia ndani ya ndoo. Kashamkamata. Akaipanua pointi kidogo, akaishusha desibeli 3.

Akahamia kwenye kinanda. Peke yake kilikuwa kinanda kizuri sana, na hapo ndo maprodyuza wengi wanapopotea, wanarekebisha kitu kimoja wakati vingine vimezimwa. Yeye akaacha vyote vinapiga, akashusha kinanda desibeli 3 kuzunguka Hezi 3,000. Ghafla maneno ya dada yakasimama mbele, na sauti yake hajaigusa. Gitaa nalo akalikata kule chini, halina kazi huko. Besi akairudisha ilikokuwa kabla hajaipandisha, kisha akaipunguza kidogo pale kiki inapogonga, ili kimoja kikipiga kingine kisikigongane nacho.

Zile "s" akazituliza kwa kushusha kidogo karibu na Hezi 7,000. Mwisho kabisa ndo akapandisha kitu: desibeli 2 za hewa kwenye sauti, juu ya Hezi 10,000. Kukata kumechukua usiku mzima, kupandisha ni mara moja tu.

Kila alipobadilisha kitu alizima EQ na kuiwasha, huku akihakikisha ukubwa wa sauti ni uleule. Hii ni muhimu, maana sikio linadanganyika kirahisi. Kikipiga kwa nguvu zaidi, linadhani kimekuwa kizuri zaidi.

Asubuhi akajaribu kwenye simu, kwa kinyozi, na kwenye redio ya bodaboda kijiweni. Kote dada anasikika, maneno yote. Akamtumia wimbo na ujumbe wa sauti: "Dada'angu, sauti yako haina tatizo lolote. Mimi ndo niliifukia. Hiyo elfu hamsini baki nayo."

Dada akampigia kaka yake wimbo kwenye simu ileile. Kaka hakusema kitu. Akaomba arushiwe.

Mama bado anajua hela ilikwenda kwenye nguo, na hiyo kesi EQ haiwezi kuitatua. Ila dada kashauliza zamu yake nyingine ya kijumbe inaangukia mwezi gani.

Namba za huyu jamaa usizinakili kama zilivyo. Sauti yako sio ya yule dada, maiki yako sio yake, chumba chako kina mwangwi wake. Kinachofaa kunakiliwa ni swali analouliza sasa kabla ya kugusa chochote: nani ndo mwenye wimbo, na nani kamkalia?

Maana EQ ikipangwa vibaya haiharibu biti tu. Kuna msanii mahali fulani kashaacha kuimba kwa sababu aliambiwa hana sauti, na kumbe hakuna aliyewahi kuisikia.

Vipi, na wewe ulishawahi kuambiwa sauti yako ndogo? Ngoma yenyewe waliisikilizia kwenye spika gani? Dondosha komenti hapo chini.