Kabla ya Kuiita Ming, Geuza Sahani

Wasee, nianze na kuomba msamaha. Ile video niliyosimama mbele ya ukuta wa bibi yangu kule Lamu nikasema "hii sahani ni ya Ming, miaka 600, hapa tunaongea mamilioni", nimeitoa. Haikuwa kweli. Sikukusudia kudanganya mtu, lakini nilisema kitu nisichokijua kwa sauti ya mtu anayekijua, na watu wa kwetu wakaniamini.

Ami yangu aliiona. Ami ana binti amepata nafasi ya kusomea uuguzi na karo haijapatikana. Ghafla karo iko ukutani, imening'inia kwa waya. Akatafuta dalali Mombasa. Dalali hakuuliza historia wala bei. Alisema neno moja tu: geuza.

Sasa hakuna aliyewahi kuigeuza. Tangu nizaliwe iko pale juu ya zidaka na bibi hataki iguswe. Ami akapanda stuli, akaishusha, akanitumia picha ya upande wa chini. Mimi niko kwa matatu, Nairobi. Nikaikuza ile picha: muhuri, simba mwenye kichwa cha mtu amelala, na maandishi "Petrus Regout & Co., Maastricht, Made in Holland". Nilipita steji yangu bila kujua.

Hicho ni kiwanda cha Uholanzi kilichoanza kutengeneza vyombo miaka ya 1830. Na maneno "Made in" ni kama cheti cha kuzaliwa. Mwaka 1890 Marekani ilipitisha sheria kwamba bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka, viwanda vya Ulaya vikazoea, na chombo chenye "Made in" kwa kawaida ni cha karne ya 20. Utawala wa Ming uliisha 1644. Hiyo hesabu hata mimi na D yangu naiweza.

Kilichonidanganya ni mchoro wenyewe. Rangi ya buluu, nyumba za Kichina, mti, watu watatu darajani, ndege wawili juu. Nilidhani picha ya China lazima itoke China. Kumbe mchoro huo unaitwa Willow, na ulibuniwa na viwanda vya Uingereza mwishoni mwa karne ya 18, vikiiga vyombo vya China vilivyopendwa sana. Halafu wengine wakaiga Waingereza. Ya bibi ni nakala ya nakala.

Idd nikaenda Lamu kuomba radhi ana kwa ana, na kwa mara ya kwanza nikaishika. Ukiitazama ukingoni, utepe wa maua unakatika mahali fulani na ncha hazikutani sawa. Mchoro ulichapwa kwenye karatasi kutoka kwa bamba la shaba, karatasi ikabandikwa kwa sahani, na huo ndio mshono wake. Mchoraji wa mkono haachi mshono wa namna hiyo; utaona rangi nzito hapa, nyepesi pale, mstari umetetemeka kidogo. Nikawasha tochi ya simu kwa nyuma: giza. Kauri ya China iliyo nyembamba hupitisha mwanga hadi uone kivuli cha vidole vyako. Halafu kuna mahali imemeguka. Nikalamba. Ndiyo, nililamba, na ulimi ukanata, kwa sababu ule ni udongo unaofyonza maji. Kauri hainati.

Na usikute herufi za Kichina chini ukaanza kuruka pia. Wachina wenyewe walikuwa wakiandika jina la mfalme wa zamani kwenye vyombo vipya. Muhuri ni shahidi mmoja tu, uulize na wengine.

Dalali alitoa shilingi 3,000. Kisha akamwambia ami, "Lakini kama mnapata yale mabakuli ya makaburini, tuongee." Hapo ndipo niliona video yangu ilikuwa inaelekea wapi. Mambrui, kaskazini mwa Malindi, kuna kaburi la mnara lililopachikwa mabakuli ya China. Kwenye makaburi mengine ya pwani utakuta mashimo ya mviringo tu, mabakuli yameshang'olewa. Kule Gedi, James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, na vigae vya China vilisaidia kujua watu waliishi pale lini, kwa sababu vilikutwa pale vilipoangukia. Bakuli likishang'olewa linabaki la kuwekea maua ya mtu fulani. Sheria ya 2006 inahesabu kitu chochote kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale, na huwezi kukitoa nchini bila kibali. Sidhani dalali alikuwa na mpango wa kuomba kibali.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. "Nani alikwambia ni ya China? Ni ya mamangu, alipewa siku ya harusi yake. Wewe ulipiga picha ukuta, mimi hukuniuliza."

Sikuwa na jibu. Vyombo vya Maastricht viliuzwa sana pwani yetu, vikaingia nyumba za Lamu na Unguja, vikapanda ukutani palipokuwa pa kauri ya China. Hadithi nzima ya biashara ya bahari ilikuwa pale, na mimi nikaifunika na Ming.

Ami aliuliza swali moja: "Kwa hiyo ni 3,000?" Nikamwambia ndiyo. Pesa zote zilizoingia kwa ile video nimemtumia, na hazifiki karo ya muhula mmoja. Binti yake bado hajaripoti chuoni. Hilo sijui nitalifutaje.

Kabla ya kuirudisha ukutani, bibi alitaka kumwona yule simba. Amekaa chini yake maisha yake yote na hajawahi kumwona. Akamtazama kwa muda, akasema amefanana na ami yako, akanipa waya nifunge.