Meli Ukutani

Mwaka 2012, wachoraji wa Nairobi walichora ukutani tai mla mizoga aliyevaa suti, amekaa kitini kama mkubwa. Nilimwonesha bibi yangu picha hiyo kwenye simu, nyumbani Makoongwe, ng'ambo ya Mkoani. Bibi hakusoma shule. Aliitazama kidogo, akauliza, "Huyu ni mkubwa wa wapi?" Hakuuliza ni ndege gani.

Kisiwani kwetu hakuna majengo marefu ya kuchorwa. Lakini pwani yetu inajua kazi hii tangu zamani. Gede na Kilwa, karne nyingi zilizopita, watu walichora vyombo vya bahari kwa ncha kali kwenye lipu ya kuta. Majina yao yamepotea. Matanga yao bado yanaonekana.

Kuna chombo kimoja ambacho sijakiona kwenye ukuta wowote: MV Spice Islander, iliyozama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kuja Pemba, ikiwa imejaza kupita kiasi. Mamia walikufa. Ripoti ziliandikwa, na bibi hawezi kuzisoma.

Bibi hapendi sura za watu ukutani, nami naiheshimu imani yake. Nikamwambia, basi ichorwe meli peke yake, imelala ubavu, pale gatini abiria wanaposubiri.

Akanyamaza, kisha akasema, "Ichoreni, mjukuu wangu. Na iwe kubwa, anayepakia watu aione kabla hajamwita wa mwisho."