Jembe na Kiwiko

Mkulima wa pamba wa Bariadi, mkoani Simiyu, anapoinua jembe, msuli wa mbele, juu ya kiwiko, hujikaza na kuvuta mfupa. Wa nyuma hulegea. Anapolishusha kwa nguvu, wa nyuma huvuta, wa mbele ukalegea. Msuli haujui kusukuma, hujua kuvuta tu. Hivyo kiungo hakina bwana mmoja. Miwili ikikazana pamoja, mkono hukauka kama gogo.

Wasukuma wameigeuza kazi hiyo kuwa ngoma, bugobogobo, majembe yakipanda na kushuka kwa mapigo. Mpenzi wa mashairi ataitambua siri yake: ukwapi hutoa, utao hupokea.

Uzee ukifika, gegedu la kiungo likichakaa, mkulima hukaa kando ya uwanja, kidole kikiinuka na kushuka gotini. Hata hapo, misuli hupokezana.