Kabati la Visu Sebuleni Kwetu

Akina mama wenzangu, nyumba nyingi tunazoingia zina kabati sebuleni, na ndani ya kabati kuna vyombo vya wageni: vikombe vya maua, bilauri, na birika ambalo halijawahi kutiwa chai. Kwetu kabati lipo, lakini ndani yake kuna visu. Ni visu 23, na vyote ni vya mume wangu, baba Neema. Mgeni anayeingia mara ya kwanza hunitazama mimi, kisha hulitazama kabati, kisha huuliza kwa sauti ya chini kama mzee alikuwa mwanajeshi. Hapana. Alikuwa fundi mitambo katika meli za mizigo, na wakati mabaharia wenzake wakirudi na saa au redio, yeye alikuwa akirudi na kisu.

Dada mmoja wa kwenye umoja wetu wa wanawake aliniambia wazi kwamba angekuwa yeye, angevitupa vyote baharini, na bahari hapa Tanga haiko mbali. Wengine huniuliza kwa upole zaidi: unaishije na vitu hivyo katika nyumba yenye wajukuu? Swali ni la haki, na jibu lake si la maneno mawili.

Ngoja kwanza niwaonyeshe vyenyewe, maana anayeviona kama silaha tu hataelewa kwa nini havijatupwa. Kile kilichopinda kama mwezi mchanga ni hanjari, alichonunua katika soko la Mutrah, Muscat. Wanaume wa Oman hukivaa kiunoni siku ya harusi na ya Idi, na tangu mwaka 1970 kimo katika bendera yao. Mwaka 2022 UNESCO ilikiandika katika orodha ya urithi wa wanadamu. Mpini wa hiki chetu ni wa mti. Mipini ya fahari ya zamani huko Uarabuni ilikuwa ya pembe ya kifaru, na vifaru wengi wa Afrika waliuawa kwa ajili hiyo, mpaka biashara ya pembe kati ya nchi na nchi ikapigwa marufuku kwa mkataba mwaka 1977. Baba Neema alipokileta nyumbani, nilimwuliza habari ya mpini kabla sijamwuliza bei.

Pembeni yake kuna kisu kifupi cha Ufini, wao hukiita puukko, chenye mpini wa mti mweupe. Alikitoa mwalimu mmoja wa ufundi aliyekuwa akirudi kwao baada ya kufanya kazi misheni huku kwetu. Alipompa mume wangu, papo hapo akamdai sarafu, akicheka, akasema kisu kikitolewa bure hukata urafiki. Baba Neema akampa shilingi. Urafiki haukukatika, barua zilikuja mpaka mzee yule alipofariki. Kuna cha Mora, Sweden, chenye mpini uliopakwa rangi nyekundu, na kile cha Uswisi chenye msalaba, kinachokunjwa na kubeba vifaa vingi tumboni, cha jamii iliyosajiliwa rasmi mwaka 1897. Kuna sime ya Kimasai ndani ya ala ya ngozi nyekundu.

Lakini chenye thamani kuliko vyote hakitoki ng'ambo. Ni kisu cha jikoni cha mama mkwe wangu, kutoka Ugweno, Upare. Huko kuna ukoo wa Washana, ambao uhunzi ni kazi yao tangu mababu. Zamani waliyeyusha chuma wenyewe kutoka ardhini, na Wachagga walikuwa wakikitafuta kwao kwa ajili ya majembe na mikuki. Kisu cha mama kilifuliwa kwa springi ya lori. Kimenolewa miaka mingi hata kimebaki chembamba kama jani la mpunga. Kimekata ndizi za watoto saba. Mtu akiniambia nikitupe hicho, namwuliza kama yeye angetupa mkono wa mama mkwe wake.

Sasa kuhusu utunzaji. Adui wa kwanza wa kisu hapa pwani ni hewa yenyewe. Ina unyevu na ina chumvi, na hata chuma kinachosifiwa kuwa hakishiki kutu hupata madoadoa kikiachwa bila kuangaliwa. Watu wengi hudhani kisu hulindwa kwa kukitia ndani ya ala ya ngozi na kukifungia sandukuni. Hapo ndipo kinapooza. Ngozi hunyonya unyevu wa hewa, na ndani yake hubaki dawa na chumvi zilizotumika kuitengeneza. Kisu kikilala humo miezi, ubapa hushika kutu, na kama kuna shaba kwenye mpini, huota ukungu wa kijani. Kwa hiyo kwetu kisu hulala kando ya ala yake. Hanjari peke yake huvaa ala, kwa kuwa uzuri wake wote uko nje, na hiyo lazima ichomolewe kila mwezi ikaguliwe.

Mafuta tunayotumia ni ya cherehani. Matone mawili kwenye kitambaa yanatosha kisu kizima. Yakitiririka yamezidi, na yataharibu mpini. Mafuta ya kupikia msiyajaribu kwa kisu cha kutunzwa, maana hukauka yakawa gundi yenye harufu. Na kisu cha kulia chakula, kama hicho cha mama, hakipakwi mafuta ya cherehani kama kesho mtakitumia mezani bila kukiosha. Baada ya kupaka, usishike ubapa kwa vidole. Jasho lina chumvi, na alama ya dole gumba huonekana kwa kutu wiki chache baadaye, imeandikwa kama sahihi. Baba Neema humtambua mjukuu aliyeshika kisu kwa ukubwa wa alama.

Vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vilivyoandikwa visiliwe, navikusanya na kuvitia kwenye pembe za kabati. Vinanyonya unyevu, lakini vikishiba havinyonyi tena, kwa hiyo ni lazima kuvibadilisha. Kuna wanaoweka mchele. Mimi sipendi, mchele hualika wadudu.

Kabati lenyewe alilitengeneza seremala wa mtaani kwa mbao za mninga zilizotoka kwenye kitanda chetu cha zamani. Tulichagua mbao kuukuu kwa makusudi, kwa sababu mbao mbichi hutoa maji na mvuke mkali unaokula chuma. Baada ya kupakwa vanishi liliachwa wazi wiki tatu, mpaka harufu ikaisha. Seremala alitaka kubandika mahameli nyekundu ndani, aliona ndiyo heshima. Tukakataa, kwa kuwa gundi na rangi za kitambaa hicho nazo hudhuru chuma. Tulitumia marekani iliyofuliwa mara mbili kutoa wanga. Kila kisu kinakaa juu ya vijiti viwili vya mti, makali yakitazama ukutani na ncha ikitazama chini. Jua la dirishani halifiki hapo, maana hupasua mipini.

Kabati limefungwa ukutani kwa skrubu nne nene, si misumari, na chini yake hatuweki kiti wala stuli. Mtoto wa miaka mitano akisimama sakafuni hagusi hata kitasa. Kioo ni cha aina ile ambayo ikivunjika vipande vyake hushikana, kama kioo cha mbele cha gari. Kilituuma mfukoni. Lakini kioo cha kawaida mbele ya visu 23 ni sawa na kuongeza kisu cha 24.

Kwa wajukuu tuna desturi moja. Mtoto akitaka kuona, huambiwa wakati wowote, na babu yake hufungua, humsimulia, hufunga. Nimelea watoto watano na naamini jambo hili: kitu kilichofichwa uvunguni mtoto atakitafuta siku mko sokoni. Kitu anachokiona kila siku nyuma ya kioo chenye kufuli, ambacho anajua akiomba ataonyeshwa, hakimsumbui. Kwa watoto wadogo mpango huo umetosha.

Kwa mtu mzima mwenye huzuni hautoshi, na hapa naomba mnisikilize vizuri.

Mwaka 2016 mdogo wangu alifariki, na mwanawe wa kiume akaja kuishi nasi. Alikuwa na miaka 19. Mimi ni mama mkubwa kwake, na ananiita hivyo. Miezi ya kwanza tulisema ni msiba, utapita. Lakini alikuwa hali, halali, na usiku nilimkuta mara kwa mara ameketi sebuleni gizani. Siku moja akiwa anamenya muhogo aliniambia, bila kuinua macho, kwamba haoni sababu ya kuamka asubuhi. Nikaweka sufuria chini. Kesho yake tukaenda hospitali.

Daktari alimwuliza mbele yangu, kwa maneno yasiyofunikwa, kama anawaza kujiua. Nilitaka kumziba mdomo yule daktari. Kijana akajibu ndiyo, wakati mwingine. Baadaye daktari alinieleza kwamba kuuliza hivyo hakumpandikizii mtu wazo. Humfungulia mlango wa kusema lile ambalo tayari anatembea nalo. Kisha akanigeukia mimi: nyumbani kuna nini? Akataja vidonge, akataja sumu ya panya na dawa ya shambani. Mimi nikataja kabati.

Akasema saa ya hatari mara nyingi huwa fupi. Huja kama wimbi, na mtu akiivuka bila kuwa na kitu cha kujidhuru karibu, wengi huishi. Kufuli na kioo ni vya kuzuia watoto, akasema. Kijana wa miaka 19 anajua ufunguo ulipo.

Nilirudi nyumbani nikiogopa kumwambia baba Neema. Visu vile ni miaka yake 31 ya bahari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba khanga zangu zilizochakaa. Usiku ule alikaa mezani akapaka mafuta kisu kimoja kimoja, akakifunga kwa kipande cha khanga, akaandika namba kwenye karatasi. Alfajiri shemeji alikuja na gari kutoka Muheza akalichukua sanduku. Dawa zote nilizifungia kwenye kasha, na sumu ya panya niliitoa nyumbani. Visu vya jikoni nilibakiza viwili, ndani ya droo yenye kufuli. Kila siku kwa miezi mingi nilifungua, nikakata vitunguu, nikaosha, nikafunga. Inachosha. Jirani aliniona akacheka, akasema siku hizi nyanya zina dhahabu. Sikumweleza, maana siri haikuwa yangu.

Kijana mwenyewe hatukumficha. Aliliona kabati tupu, vijiti vimebaki juu ya marekani na alama za visu zikionekana, akauliza. Baba mkubwa wake akamjibu: "Nimeviondoa kwa ajili yako. Si kwamba nakuogopa. Nataka uwepo." Kijana aliingia chumbani akalia kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya hata makaburini.

Hakupona wiki ile wala mwezi ule. Kulikuwa na dawa, na safari za kliniki, na mazungumzo na mchungaji wetu, ambaye kwa bahati njema hakumwambia kwamba amekosa imani. Kulikuwa na siku mbaya katikati ya siku nzuri. Kabati lilikaa tupu mwaka mmoja na miezi miwili. Nilipanga bilauri ndani yake ili wageni wasiulize, na baba Neema alizitazama bilauri zile jinsi mtu anavyomtazama mpangaji.

Visu viliporudi ilikuwa ni baada ya kijana kukubali mwenyewe, na daktari wake pia. Sasa anafanya kazi Dodoma na ana mke. Akija likizo, baba mkubwa wake humfungulia kabati kama anavyowafungulia wajukuu, na bado kabla hajafika mimi humpigia simu mke wake nikauliza habari zake za usingizi.

Kina mama, kama nyumbani kwenu kuna mtu ambaye macho yake yamezima, msisubiri daktari awaulize kabatini kuna nini. Muulizeni yeye kwa upole, mpelekeni kwenye tiba, na vitu vitoke nyumbani siku hiyo hiyo, hata kama ni urithi.

Tangu siku ile sanduku liliporudi, utaratibu wa funguo umebadilika. Ufunguo mmoja ninao mimi, wa pili uko Muheza kwa shemeji. Baba Neema hana. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi huja jikoni, hunyoosha kiganja bila kusema neno, nami humpa ufunguo pamoja na kichupa cha mafuta ya cherehani. Kisu cha mama yake hukiacha mpaka mwisho.